Shubiri Mbili

Lama Gyembo, kula kwanza, supu isipoe.
Nina neno nawe la miaka kumi na tisa,
na leo sikulileta kwa mayai.

Siku ile nilikuletea mayai kumi na matatu,
pishi ya mchele mwekundu, siagi niliyoifunga kwa majani.
Nikasema: mwanangu Rabgay katimiza kumi na sita,
anamtazama mtoto wa seremala
kama mwenye kiu anavyotazama bomba lililofungwa.
Ukarusha kete tatu kwenye kitambaa.
Ukasema: katika maisha yaliyopita alimpora mtu mkewe.
Hili ndilo deni. Washa taa mia na nane.

Nikawasha.
Baridi ile yote tulikula pilipili bila siagi,
mume wangu akisema chai ina ladha ya maji ya kunawia miguu.
Kwenye taa ya tisini na kitu Rabgay akasimama mlangoni:
"Mama, hizi si za maiti?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Masika hayajafika, akashuka Thimphu kwa lori la viazi.

(Usiinamishe kichwa, Lama. Ongeza wali.)

Mimi mfumi, kukaa kimya nakujua.
Nikatanda nyuzi za mshipi wa mkazamwana,
kiuno chake nikakikisia: chembamba, cha msichana wa bondeni.
Kila mwaka hakuja.
Kila mwaka nikafumua, nikaanza nakshi ngumu zaidi,
mpaka vidole vyangu vikamjua mwanamke
ambaye hakuzaliwa.

Kisha redio: Bunge limefuta maneno machache
katika kitabu cha sheria.
Mume wangu akapunguza sauti,
kana kwamba majirani hawana redio.
Usiku akauliza gizani:
"Kwani siku zote hizi kijana wetu alikuwa mhalifu?"
Hakuna aliyekuwa ametuambia.
Sisi tulidhani ni mdaiwa tu.

Mwezi uliopita kaja, kaja na Yonten.
Mabega mapana, anakoroma,
anakata pilipili kama anayepasua kuni.
Choizom akaegemea ua: "Sasa mke nani hapo?"
Nikamwambia: "Yonten huosha sahani, na huzivunja. Mke gani huyo?"
Akacheka hadi akakaa chini, na kesho yake akaleta jibini.
Shemeji yangu hajaleta kitu. Hupita njia ya juu.
Wanawe kawakataza kukanyaga kizingiti chetu;
huja usiku, viatu mkononi.

Basi nakuuliza tena:
katika maisha yaliyopita, mwanangu alikuwa nani?

Lama akafuta mdomo. Akapapasa kete mkobani,
hakuzitoa.
"Maneno yale niliyarithi. Mwalimu wangu naye aliyarithi.
Sikuyapima. Urithi mtu hapimi, huuvaa tu.
Sijui alikuwa nani. Mimi mwenyewe, sijui,
labda punda."
"Na taa zangu?"
"Taa ziliwaka," akasema, kisha akaomba ara ya mahindi.
Hakutaka radhi. Sikusema nimesamehe.
Nilimmiminia, kikombe kikafurika kidogo.

Alipokwenda nikarudi kwenye kitanda cha mfumi,
nikamwita Yonten, nikamzungushia mshipi.
Alijinyonganyonga, akasema anatekenyeka.
Umepungua shubiri mbili.

Mtande ukishatandwa haurefuki, mfumi yeyote atakwambia.
Nilikaa nao magotini, wali wa jioni ukaungua.
Halafu nikatafuta nyuzi nyingine, si nyekundu ile hasa,
nikaanza kuunga, uzi kwa uzi, fundo kwa fundo.
Patavimba hapo. Pataonekana
hata na mtu wa njia ya juu.

Umeme umekatika.
Rabgay kanishikia taa, moja,
ananiambia nisogee, nampiga kivuli.